Redio ya Baba, kompyuta yangu na sauti ya Babu

Leo naomba niweke pembeni siasa na bei ya sangara. Nataka kuongelea waya. Naam, waya na kisanduku kimoja kidogo ambacho unaweza kukifunika kwa kiganja. Kisanduku hicho kimefanya watu wazima hapa nyumbani Mwanza wakae sebuleni hadi saa sita usiku bila mtu kukumbuka kuwasha televisheni.

Nianze na swali. Muziki wako unaishi wapi? Kama wewe ni wa rika langu, unaishi kwenye simu, kwenye flashi na kwenye kompyuta. Fid Q yuko humo, Saida Karoli yuko humo, kwaya ya mama yako iko humo. Sasa swali la pili: redio nzuri ya nyumbani iko wapi? Namaanisha ile kubwa ya Kijapani ambayo mzee aliinunua enzi zake, yenye amplifaya ya chuma na spika mbili za mbao zinazofika kiunoni. Nakuhakikishia iko pale pale sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na juu yake kuna maua ya plastiki na picha ya harusi.

Vitu viwili hivi vinakaa nyumba moja kama majirani wasiosalimiana. Kimoja kina nyimbo elfu lakini hakina kifua. Kingine kina kifua lakini hakina nyimbo. Kanda zimepotea au zimekwama, santuri zimepinda kwa jua, na tundu la CD lilishagoma kufunguka. Tunabaki kusikiliza muziki wa dunia nzima kupitia spika ya simu iliyo ndogo kuliko kucha.

Wengine mtasema hayo ni mambo ya starehe, nenda kanunue sabufa. Kwetu halikuwa jambo la starehe, na ndiyo maana naliandika.

Babu yangu mzaa baba alikuwa manju. Kwa wasiojua Usukumani, manju ni mtunzi na kiongozi wa ngoma. Ngoma za Kisukuma ni mashindano. Kuna Bagika na kuna Bagalu, makundi mawili yaliyoanza kushindana tangu karne ya 19, na baada ya mavuno kila upande unapiga ngoma zake upande mmoja wa uwanja. Anayevuta watu wengi ndiye mshindi. Ukienda pale Bujora, Kisesa, kwenye Makumbusho ya Wasukuma, utaona mpaka leo jinsi mambo hayo yanavyochukuliwa kwa uzito wakati wa sikukuu ya Bulabo. Manju hana kazi ya kuimba tu. Anatania, anashtaki, anasifu, anataja watu kwa majina, anaweka kumbukumbu ya njaa na ya neema. Kwa kifupi (wenzangu wa chumba cha habari msinune) manju alikuwa mwandishi wa habari kabla yetu, tena asiye na mhariri.

Kati ya mwaka 1983 na 1988 Baba alikuwa akienda kijijini Magu na redio kaseti, anamrekodi Babu. Kanda nane, kila moja ya dakika 60. Babu alifariki mwaka 1991. Kanda zikabaki kwenye kopo la maziwa ya unga.

Tatizo ni hili: maneno ya nyimbo zile hakuna anayeyaelewa vizuri isipokuwa Baba. Kisukuma cha manju ni kile cha ndani, chenye mafumbo, na sisi watoto wa mjini tunajua Kisukuma cha kusalimia na cha kuomba chakula. Baba alizaliwa mwaka 1948. Masikio yake yamepungua. Daktari atakwambia kwamba uzee huanza kula sauti za juu, zile nyembamba, na ndizo zinazobeba herufi kama s, f, t na k. Mzee anasikia kwamba mtu anaongea, ila hasikii anasema nini. Kwa hiyo tulikuwa na saa mbili mkononi: saa ya kanda zinazooza na saa ya masikio ya mtu pekee anayeweza kuzitafsiri.

Miaka kadhaa iliyopita kaka yangu alizipeleka kanda mbili kwa mtu mmoja mjini anayehamisha nyimbo. Zilirudi kwenye CD zikiwa zimebanwa mno, sauti imejaa mikwaruzo, ngoma zimemeza uimbaji. Tulimchezea Baba kwenye kompyuta mpakato yangu. Akasikiliza dakika tatu, akaniambia, "Mama, zima hicho kitu. Huyo siyo baba yangu, huyo ni mbu."

Baba hakuwa mkali, alikuwa amechoka tu. Lakini lile neno la mbu lilinikaa.

Haya, tuingie kwenye ufundi. Nitajitahidi kutumia lugha ya kawaida.

Kompyuta haijui sauti. Inajua nambari. Sauti hewani ni wimbi, mtikisiko usiokatika, kama mawimbi ya ziwa pale kwenye jiwe la Bismarck. Ili wimbi liingie kwenye kompyuta, lazima lipimwe kimo chake mara nyingi sana kila sekunde na kila kipimo kiandikwe kama nambari. Kwenye CD, ambayo Sony na Philips waliiingiza sokoni mwaka 1982, vipimo ni 44,100 kila sekunde kwa kila upande, kushoto na kulia, na kila kipimo kinachagua moja kati ya ngazi 65,536. Ukitaka kusikia tena, lazima nambari zigeuzwe kuwa umeme unaopanda na kushuka kama wimbi lile la mwanzo, ndipo amplifaya iukuze na spika isukume hewa.

Anayefanya ugeuzaji huo ni kigeuzi cha sauti. Mimi napenda kumwita mkalimani. Kila kifaa chako kinaye: simu inaye, televisheni inaye. Tangu baadhi ya simu zilipoondoa tundu la hedifoni (iPhone ilifanya hivyo mwaka 2016), watu wengi wametembea na mkalimani wa nje bila kujua. Kile kijiwaya kifupi cha Apple cha kuunganishia hedifoni kina kigeuzi ndani yake.

Basi kama kompyuta ina mkalimani wake, wa nje wa nini? Jibu ni makelele. Mkalimani wa ndani amekaa katikati ya soko. Jirani yake ni prosesa inayowasha na kuzima umeme mabilioni ya mara kwa sekunde, huku kuna feni, kule kuna diski. Umewahi kuvaa hedifoni, ukasogeza mausi, ukasikia "zzzit"? Hiyo ndiyo kelele ya soko inayovuja. Kwenye hedifoni za bei rahisi unavumilia. Ukiipeleka kwenye amplifaya kubwa, inakuzwa pamoja na wimbo.

Kisanduku cha nje kinachomekwa kwenye tundu la USB. Nambari zinatoka kwenye kompyuta zikiwa bado nambari, na nambari hazichafuki njiani kirahisi. Moja ni moja, sifuri ni sifuri. Zinageuzwa kuwa wimbi zikiwa zimeshatoka sokoni. Hakuna uchawi zaidi ya huo. Na nitahadharishe: mkalimani hodari hawezi kutafsiri maneno ambayo hayakusemwa. Kama wimbo wako ni MP3 iliyobanwa mpaka imekonda, kisanduku cha dhahabu hakitaunenepesha.

Ndiyo maana sisi ilibidi tuanze upya kutoka kwenye kanda zenyewe. Nilichagua kisanduku chenye kazi mbili, kuingiza sauti na kuitoa. Vya bei nafuu vipo. Sehemu ya kanda ya redio ya Baba ilikuwa imekufa, mkanda wake wa mpira umelegea, hivyo tuliazima deki kwa jirani. Tukasafisha kichwa chake kwa pamba na spiriti, tukazungusha kila kanda mwanzo hadi mwisho mara moja ili ilegee, kisha tukarekodi kwa Audacity, programu ya bure. Tulihifadhi bila kubana. Mahesabu ni rahisi: dakika moja ya ubora wa CD ni kama megabaiti 10, kwa hiyo kanda nane za saa moja moja ni kama gigabaiti 5. Flashi ya kawaida inazimeza zote.

Utauliza, kama deki ilikuwepo, kwa nini hamkuiunganisha moja kwa moja na redio mkamchezea mzee? Kwa sababu kutafsiri ni kurudia. Baba anahitaji kusikia mstari mmoja mara kumi, mara kumi na tano. Kanda ya mwaka 1983 ukiirudisha nyuma mara kumi na tano kwa kila mstari, utaimaliza. Kwenye kompyuta unaweza kurudia hata mara mia, unaweza kupunguza mwendo bila kubadilisha sauti, na kanda imelala salama kwenye kopo lake.

Sasa kuunganisha. Geuza amplifaya nyuma yake (taratibu, kuna buibui). Utaona matundu ya duara yaliyo mawili mawili, jekundu na jeupe, yenye maandishi: PHONO, TUNER, TAPE, AUX, labda na CD. Waya unaotaka ni ule wa pini nyekundu na nyeupe, kama zile za deki ya video. Kama kisanduku chako kinatoa kwa tundu dogo la hedifoni, basi tafuta waya wenye pini moja ndogo upande huu na pini mbili upande ule. Pale Makoroboi hukosi.

Chomeka kwenye AUX au CD. USICHOMEKE kwenye PHONO. Tundu la PHONO ni la santuri. Sindano ya santuri hutoa umeme mdogo mno, kwa hiyo tundu hilo hukuza kupita kiasi, tena hupandisha besi na kushusha sauti za juu makusudi. Ukichomeka kompyuta hapo utasikia ngurumo, si wimbo.

Pili, kabla ya kuwasha, shusha sauti ya amplifaya mpaka sifuri. Kisha pandisha sauti ya kompyuta iwe karibu na mwisho na uitumie amplifaya kuongeza na kupunguza. Watu wengi hufanya kinyume. Ukipunguza sauti kwenye kompyuta unapunguza ngazi zile 65,536, na mzee anabaki na sauti iliyopigwa pasi.

Tatu, angalia spika. Waya mwekundu kwenye nyekundu, mweusi kwenye nyeusi, zote mbili. Spika moja ikigeuzwa, moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi inatoweka.

Tulifanya yote hayo, tukawasha, tukasikia... mmmmmm. Mngurumo wa chini, wa kudumu, kama jenereta la jirani. Wimbo haujaanza na tayari sebule nzima inaunguruma. Nikampigia simu fundi mmoja wa redio, mzee wa makamo ambaye ameziona redio nyingi kuliko mimi nilivyoona magazeti. Hata salamu hazijaisha akasema, "Chomoa chaji ya kompyuta."

Nikachomoa. Kimya.

Ule mngurumo ni umeme wa Tanesco wenyewe. Umeme wetu hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, na sikio linausikia kama noti nzito. Chaji ya kompyuta yenye pini tatu imeunganishwa na ardhi kwa njia yake, na amplifaya imeunganishwa na ardhi kwa njia nyingine, labda kupitia waya wa dishi la televisheni. Ukiziunganisha kwa waya wa sauti unapata duara, na umeme mdogo unazunguka humo ukiimba. Dawa ziko kadhaa. Tumia betri ya kompyuta wakati wa kusikiliza. Chomeka kila kitu kwenye eksteshen moja. Tenganisha waya wa dishi. Au, kama amplifaya ni ya kisasa na kisanduku chako kina tundu la mwanga, tumia waya wa mwanga, maana mwanga haubebi umeme wa ardhini. Dawa moja usiithubutu: kukata pini ya ardhi kwenye plagi. Pini ile ipo ili usife. Na usifungue amplifaya kuukuu kwa bisibisi eti imezimwa. Humo ndani kuna vifaa vinavyohifadhi umeme hata baada ya kuchomoa.

Kwa wale wa bluetooth: sina ugomvi nanyi. Kwa muziki wa kupikia wali inatosha kabisa. Hubana sauti kidogo njiani, na watu wengi hawatagundua. Sisi tulikuwa tunatafuta herufi s kwenye kanda ya miaka arobaini, kwa hiyo hatukutaka kubana chochote.

Jioni ya kwanza tulimwekea Baba kiti katikati ya spika mbili, umbali wa hatua tatu. Mama akaleta chai. Mimi na daftari. Kwanza zikaja ngoma, na kwa mara ya kwanza nikasikia kwamba ziko mbili, moja nzito na moja ya kujibu. Kwenye kompyuta zilikuwa tope moja. Kisha akaja Babu. Baba hakusema kitu. Alisogeza kiti mbele, akainamisha kichwa.

Kwenye ule wimbo wa kwanza kuna jina linalorudiwa rudiwa. Sisi watoto siku zote tuliamini ni jina la mwanamke, na dada zangu walikuwa wameshatunga hadithi nzima kuhusu mchumba wa zamani wa Babu. Mama mwenyewe alikuwa akiitania familia kwa hilo. Baba akaniashiria nirudie. Nikarudia. Akaniashiria tena. Mara ya sita au ya saba akacheka, halafu kicheko kikakatika katikati.

"Siyo mwanamke," akasema. "Ni ng'ombe."

Alikuwa dume la kulimia, la madoa. Babu analiimba kama mtu aliyekwenda safari, anauliza nani atavuta jembe msimu huu, halafu anajijibu kwamba dume limekwenda kusoma. Limekwenda kusoma! Kwa miaka yote hiyo Baba naye hakuwa amelishika hilo neno la mwisho. Wakati wa kurekodi alikuwa kijana anayehangaikia vitufe vya redio kaseti, na baadaye kanda ilikuwa imechakaa.

"Lile dume liliuzwa mwaka 1960," akasema. "Nikapata ada ya shule ya kati." Akanyamaza kidogo. "Hakuwahi kuniambia kama lilimuuma."

Mama akachukua vikombe akaenda jikoni, ingawa chai ilikuwa haijaisha.

Nimeandika hayo kwa sababu kuna watu wataniuliza kigeuzi cha sauti kina faida gani, na sina takwimu za kuwapa. Nina hilo tu. Neno moja mwishoni mwa mstari, kwenye kanda ya mwaka 1983, lilihitaji spika zenye kifua na sauti isiyo na mngurumo ili limfikie mtu aliyekusudiwa, akiwa bado anaweza kulisikia.

Tumezoea kulalamika kwamba kumbukumbu zetu ziko kwa wengine, na ni kweli kwa sehemu. Mwingereza Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 akirekodi Wasukuma, Wahaya, Wagogo na wengine wengi, na hazina hiyo iko Afrika Kusini kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Kanda za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, zenye bendi na ngoma za enzi ya Ujamaa, ziko TBC. Hizo zina wenyewe wa kuzipigania. Lakini kanda iliyo kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda cha baba yako haina Mwingereza, haina wizara, haina mfadhili. Ina wewe.

Kwa hiyo fanya hivi. Jumamosi hii uliza nyumbani kama kuna kanda. Usizicheze ovyo kwenye redio kuukuu inayotafuna. Azima deki nzima, isafishe, rekodi bila kubana, weka nakala tatu mahali patatu. Kisha toa maua ya plastiki juu ya amplifaya, unganisha, chomoa chaji, mkalishe mzee kwenye kiti. Na uwe na daftari, maana maneno yatakuja haraka na hayatarudi kwa mpangilio.

Sisi tumemaliza kanda mbili. Zimebaki sita. Kanda ya tatu Baba anasema ina wimbo wa kumtukana mwenyekiti wa kijiji, na hataki Mama awepo tutakapoicheza. Mama amesema atakuwepo.